Gemu ambayo haijakamilika iuzwe bei gani?

Kazi yangu ni kutengeneza gemu za kompyuta, na kila tunapopanga bei ya gemu inayouzwa huku bado inajengwa, ubishi huwa uleule: tutoze bei ya gemu tunayoiota, au ya hii iliyopo? Mimi sina shaka. Anayenunua leo alipie kinachochezeka leo.

Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, walifungua rasmi mlango wa kuuza gemu za namna hii Machi 2013, lakini Minecraft ilikuwa imeshatangulia. Toleo la alfa, yaani la mwanzo kabisa, liliuzwa yuro 9.95, beta, toleo la majaribio linalofuata, ikapanda hadi 14.95, na gemu ilipokamilika Novemba 2011 bei ikawa 19.95. Utaratibu ule naupenda hadi leo. Aliyewahi alikuta hitilafu na mapengo, akalipa nusu. Aliyesubiri alipata kitu kamili kwa bei kamili. Wala lile punguzo halikuwa hisani, kwa sababu mnunuzi wa mapema alikuwa amebeba hatari ya kwamba gemu huenda isiishe kabisa.

Linganisha na Planetary Annihilation, iliyoingia Steam mwaka 2013 kwa karibu dola 90 ikiwa bado alfa. Watu waliwaka. Watengenezaji walikuwa na sababu yao: waliowachangia kupitia Kickstarter, tovuti ya kuchangisha pesa za miradi, walikuwa wamelipa kiasi hicho ili waipate alfa, na kuwauzia wengine kwa bei ya chini kungewavunja moyo. Naielewa sababu hiyo. Hata hivyo bei ilishuka baadaye, kwa hiyo walioamini mapema ndio waliolipa zaidi kwa gemu iliyokuwa mbovu zaidi.

Sasa niseme jambo ambalo wachezaji wengi hawalioni. Ukilipa dola 20 Steam, duka kwa kawaida hukata asilimia 30, mtengenezaji anabaki na 14 kabla ya kodi. Tena, wewe uliyenunua leo hutanunua tena siku ya uzinduzi. Kila nakala tunayouza mapema tumeipunguza kwenye mauzo ya siku ile, na pesa yake imeshaingia kwenye mishahara ya miezi hii. Tukiuza kwa bei ya kutupa, tunaweza kufika mwisho wa safari wateja wetu wote wakiwa wameshalipa na akaunti ikiwa tupu. Ndiyo maana sikubaliani na wanaotaka gemu hizi ziuzwe karibu na bure. Zikifa njiani, hasara ni ya wanunuzi walewale.

Aina ya gemu nayo ina uzito wake. Hades iliingia sokoni Desemba 2018 kwa dola 19.99, ikakamilika Septemba 2020 kwa 24.99. Tofauti ya dola tano ni ndogo, ila mimi naiona ya haki: katika gemu ile unakufa, unaanza upya, na kila raundi ina utamu wake hata kama sehemu za mwisho bado hazijawekwa. Gemu ya hadithi ndefu haiko hivyo. Baldur's Gate 3 ilianza kuuzwa Oktoba 2020 kwa dola 59.99, bei yake kamili, ikiwa na sura ya kwanza tu, na toleo kamili lilipotoka Agosti 2023 ulilazimika kuanza upya.

Wengi huitaja gemu hiyo kama ushahidi kwamba bei kamili haina ubaya, kwa kuwa ilitoka gemu bora kabisa. Lakini Kerbal Space Program 2 nayo iliuzwa dola 49.99 Februari 2023, ikiahidi makoloni, safari za kwenda nyota nyingine na kucheza na wenzako mtandaoni. Mwaka 2024 studio ikafungwa, na vitu hivyo havikuja. Wanunuzi wa gemu zote mbili walifanya jambo lilelile kwa imani ileile. Wote waliuziwa mbuzi kwenye gunia. Wa kwanza walikuta amenona.

Kurudishiwa pesa hakutibu tatizo hili. Tangu 2015 Steam hurudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 ukiwa umecheza chini ya saa mbili. Saa mbili zinatosha kugundua kwamba gemu inakwamakwama kwenye mashine yako. Hazitoshi kukuonyesha kwamba kazi itatelekezwa mwaka ujao.

Kwenye ukurasa wa kila gemu ya aina hii kuna swali ambalo mtengenezaji hulijibu: je, bei itabadilika ikikamilika? Lisomeni jibu hilo kabla ya kutazama video za matangazo. Nikikuta limeandikwa kwamba bei itapanda, natafuta itapanda kwa kuongezwa nini, na ni nini hasa kimo ndani leo. Mtengenezaji asipoyataja hayo mawili waziwazi, mimi sinunui, hata gemu iwe dola tano.