Kabla ya kusoma momenti, tazama fremu imepindaje

Vijana wanaoniletea modeli za Prokon au SAP2000 (programu za kompyuta za kuchambua majengo) niwakagulie huanza kwa kunionyesha mchoro wa momenti, yaani nguvu inayopinda kila bimu na nguzo. Rangi zinapendeza, namba zina desimali tatu. Mimi huomba kwanza umbo la fremu, yaani mifupa ya nguzo na bimu, ikiwa imepinda, tena kwa mzigo mmoja tu: uzito wa jengo lenyewe. Makosa makubwa hujianika hapo. Utaona bimu iliyochomoka kwenye nguzo kwa sababu mahali pa nodi (pointi ambapo vipande hukutana) moja pana mbili zilizokaribiana, au bimu inayopinda kwenda juu kwa kuwa alama ya mzigo imegeuzwa. Umbo lisipoeleweka, namba ziache kwanza.

Kisha jumlisha kani za wima kwenye maegemeo, yaani mahali jengo linaposhikiliwa chini. Wengi huzilinganisha na jumla ya mizigo inayotolewa na programu yenyewe, halafu wanafurahi. Hiyo inaonyesha tu kwamba milinganyo imetatuliwa. Chukua karatasi, soma mchoro wa jengo, piga eneo mara unene wa slabu mara 25 kN/m³ (kilonewton kwa mita ya ujazo) za zege, ongeza kuta na mzigo wa matumizi, ndipo ulinganishe. Bimu ya milimita 230 kwa 450 peke yake ina karibu 2.6 kN/m. Kama umeiandika kwa mkono na programu nayo inaiongeza, umeihesabu mara mbili. Mwenye jengo atalipia nondo asizozihitaji. Isipohesabiwa kabisa, hapo ni hatari.

Kwa momenti nina kipimo kimoja ninachokipenda kuliko vyote. Bimu ya mita 6 yenye mzigo wa 30 kN/m uliosambaa sawasawa, ikiegemea tu pande zote mbili, ina momenti ya 135 kNm katikati. Ukizikaza ncha zote zisiweze kuzunguka, unapata 90 kila upande na 45 katikati. Kwenye fremu halisi hutapata hivi wala vile, lakini wastani wa momenti za ncha mbili ukijumlishwa na momenti ya katikati lazima urudi kwenye 135. Programu ikikupa 70 upande mmoja na 98 upande wa pili, katikati kabisa pawe na 51. Pakiwa na 80, kuna mzigo usioujua juu ya bimu hiyo, au urefu si ule unaoudhani.

Maungio nayo yana mtego wake. Usipoiambia vinginevyo, programu huchukulia kila kiungo kimekazwa. Boriti ya chuma iliyofungwa kwa bolti mbili tatu kwenye ubavu wake haijakazwa, kwa hiyo ilegeze kwenye modeli ncha yake iweze kuzunguka. Ila usilegeze kila kipande kinachokutana kwenye nodi moja, maana nodi itabaki inazunguka bila cha kuizuia na programu italalamika kwamba fremu si imara. Nimeona watu wakinyamazisha onyo hilo kwa kubandika egemeo la uongo. Acha kipande kimoja kishike nodi, basi.

Na urefu wa kuhesabia mgandamizo, yaani urefu wa kipande kati ya sehemu zinazokizuia kisibonyee pembeni, usiuachie programu ikuchagulie. Tarehe 18 Januari 1978, paa la Hartford Civic Center huko Connecticut, Marekani, lilianguka usiku likiwa na theluji juu yake, saa chache baada ya maelfu ya watazamaji wa mpira wa kikapu kuondoka. Lilikuwa fremu ya anga, yaani mtandao wa vyuma uliounganishwa kwa pande zote tatu, iliyochambuliwa kwa kompyuta. Uchunguzi ulionyesha kwamba vyuma vya juu vilihesabiwa kana kwamba vimezuiwa katikati visibonyee pembeni, ilhali maungio yaliyojengwa hayakuweza kuvizuia hivyo. Kompyuta ilihesabu paa ambalo halikuwepo.

Kwenye kitako cha nguzo, endesha modeli mara mbili: mara egemeo likiwa limekazwa, mara likiwa huru kuzunguka. Msingi mdogo juu ya udongo mweusi unaovimba haukazi nguzo kama mraba wa egemeo uliouchora kwenye skrini. Bimu za ghorofa za juu huwa hazibadiliki sana. Nguzo za chini na kuyumba kwa jengo ndivyo hubadilika. Tofauti ikiwa kubwa, sanifu kwa matokeo mabaya zaidi ya hizo mbili, na umpigie mtaalamu wa udongo kabla hujachora nondo.