Sabuni ya dawa inaizidi nini sabuni ya kawaida?

Sabuni ya dawa ni sabuni yoyote iliyoongezewa kemikali ya kuua au kudumaza bakteria. Ukiiondoa kemikali hiyo, kinachobaki ni sabuni ileile uliyoizoea. Je, hicho kilichoongezwa kinamsaidia mtu mwenye afya anayenawa nyumbani kwake? Hakimsaidii, na natamani alijue hilo kila mzazi anayejibana ili anunue ya bei ya juu kwa kuwahurumia wanawe.

Wengi tunadhani mkono husafika kwa sababu vijidudu vimeuawa. Kwa sehemu kubwa, vinaondolewa tu. Paka mafuta kidogo kiganjani, kisha mimina maji matupu: maji yanajikusanya matone matone na kuteleza, mafuta yanabaki palepale. Sasa tia sabuni, usugue. Mafuta yanakatika, yanageuka povu jeupe, na ukisuuza yanakwenda na maji. Chembe ya sabuni ina ncha mbili, moja hupenda maji, nyingine huyakimbia na kung'ang'ania mafuta. Vijidudu vingi vya mikononi vimenata kwenye mafuta na uchafu wa ngozi, kwa hiyo hivyo navyo huchukuliwa. Virusi vyenye ganda la mafuta, kama vya mafua na vya korona, sabuni huvipasua kabisa ganda hilo. Sabuni yoyote inaiweza kazi hii.

Dawa iliyotumika zaidi kwa miaka mingi ilikuwa triklosani kwenye sabuni za maji, na triklokabani kwenye za kipande. Tatizo la kwanza ni muda. Mwaka 2015 watafiti wa Korea Kusini walichapisha jaribio walilowaweka bakteria wa aina 20 kwenye sabuni yenye triklosani asilimia 0.3. Kwa sekunde 20, haikuipita sabuni ya kawaida. Nguvu yake ilionekana baada ya bakteria kukaa ndani yake muda wa saa 9. Hakuna anayenawa muda huo. Tena mafua na kuhara kwingi kwa watoto huletwa na virusi, na dawa hizi zinalenga bakteria.

Utafiti unaonigusa zaidi ulifanyika katika mitaa maskini ya Karachi, Pakistan, ukachapishwa mwaka 2005. Kaya zilizopewa sabuni na kuhimizwa kunawa zilipata nafuu kubwa: nimonia kwa watoto wa chini ya miaka 5 ilipungua kwa nusu, na kuhara kwa walio chini ya miaka 15 kukapungua kwa asilimia 53. Baadhi ya kaya zilipewa sabuni ya dawa, nyingine ya kawaida. Matokeo yao hayakutofautiana. Kilichowakinga watoto wale ni kunawa.

Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliwataka watengenezaji walete ushahidi kwamba sabuni zao zinaishinda ya kawaida na kwamba ni salama kutumiwa kila siku. Haukutosha. Septemba 2016 ikapiga marufuku viambato 19 katika sabuni za kunawia za matumizi ya nyumbani, triklosani na triklokabani vikiwemo. Kulikuwa pia na hofu ya usugu, yaani bakteria wanaoizoea kemikali hii wasisikie tena na dawa za tiba, na mimi naiona ya haki: triklosani hushambulia kimeng'enya cha bakteria, protini inayoendesha kazi ndani yake, na kwa bakteria wa kifua kikuu ni kilekile kinacholengwa na isoniazidi, dawa ya kutibu ugonjwa huo. Chumba cha upasuaji ni habari nyingine. Huko dawa za kunawia zina kazi yake.

Nyumbani, lowesha mikono, paka sabuni, sugua kwa sekunde 20: viganja, migongo yake, katikati ya vidole, chini ya kucha, na kidole gumba, ambacho wengi hukiruka. Suuza kwa maji yanayotiririka, kisha kausha kwa kitambaa safi, maana mkono uliolowa huambukiza vijidudu kwa urahisi kuliko mkavu.