Kuhamisha krediti za kozi fupi: maana yake na inavyopimwa

Binti wa jirani yangu hapa Uyole, Mbeya, alikuja nyumbani na faili la plastiki. Ndani mlikuwa na vyeti vitatu: ufungaji wa umeme wa jua wiki mbili, usalama kazini siku tatu, na kompyuta mwezi mmoja. Alikuwa amepata nafasi ya kusoma umeme ngazi ya cheti. Baada ya shikamoo akauliza moja kwa moja: "Mwalimu, hivi si vinanipunguzia masomo?"

Anachokiulizia kinaitwa kuhamisha krediti. Maana yake ni kwamba chuo unachojiunga nacho kinakubali kuwa ulichojifunza kwingine, ukapimwa na kufaulu, kinalingana na sehemu ya mtaala wake, hivyo kinakuhesabia badala ya kukufundisha upya. Neno lenye uzito hapo ni "kinalingana". Chuo hakikupi zawadi kwa bidii yako, kinalinganisha.

Krediti yenyewe ni kipimo cha kazi ya kujifunza. Hapa Tanzania, kwenye vyuo vya ufundi vinavyosimamiwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi, na kwenye vyuo vikuu chini ya TCU, tume ya vyuo vikuu, krediti 1 ni saa 10 za kujifunza. Saa hizo ni za darasani, za karakana, za kujisomea usiku, hata za mtihani. Mwaka mmoja wa masomo hukadiriwa kuwa krediti 120, yaani saa 1,200, na shahada ya miaka mitatu ni krediti 360.

Wakulima wa viazi wa kule Isyonje watalielewa hili upesi kuliko wasomi. Miaka yote wamelia na lumbesa: gunia ni gunia, lakini lililoshonewa kilemba juu limebeba viazi vingi zaidi kwa bei ileile. Ukitaka haki, weka mzigo kwenye mizani. "Kozi ya wiki mbili" nayo ni gunia tu. Siku 10 za saa sita sita ni saa 60, sawa na krediti 6. Wiki mbili za kukutana jioni saa mbili mbili, siku hizohizo 10, ni saa 20, krediti 2. Kwa jina ni kozi moja, kwa uzito sivyo. Na mizani nazo hutofautiana nchi kwa nchi: Ulaya mwaka mzima wa masomo ni krediti 60, wakati Marekani krediti 120 ndiyo shahada yote ya miaka minne. Ukija na namba ya nje, lazima ibadilishwe kwanza, kama unavyobadilisha kwacha pale mpakani Tunduma.

Saa peke yake hazitoshi, kuna ngazi. Mafunzo ya ufundi stadi, yale ya VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, yana ngazi ya 1 hadi ya 3. Juu yake ndipo huanza ngazi za NTA, yaani tuzo za taifa za ufundi: ya 4 ni cheti cha awali, ya 6 ni stashahada, ya 8 ni shahada. Kozi fupi inaweza kuwa nzuri sana na bado ikawa chini ya ngazi unayoombea. Mtu wa stashahada akileta kozi ya kufungua kompyuta na kuandika barua, hatahesabiwa, na sioni kama ameonewa.

Kisha kuna ushahidi, na hapa ndipo wengi wa watoto wetu wanapoumia bila kosa lao. Nilivitoa vile vyeti vitatu nikavipanga mezani. Cha kompyuta kiliandikwa "amefaulu", na alama nyuma yake. Viwili viliandikwa "amehudhuria". Kitenzi kimoja tu, lakini mbele ya msajili ni tofauti kubwa: kuhudhuria ni kuwepo, kufaulu ni kupimwa. Kilichoniuma ni kwamba kwenye umeme wa jua binti huyu alipimwa kweli. Alinionyesha daftari lake. Kuna mchoro wa paneli, chaji kontrola, betri na inveta, waya chanya kwa wino mwekundu. Ukurasa unaofuata ana hesabu ya ukubwa wa betri kwa nyumba yenye taa nne na redio, amekosea mara moja, amerudia, na tiki ya mwalimu ipo. Ujuzi upo. Karatasi ndiyo haisemi.

Dhana hii huchanganywa na mambo mengine. Kusamehewa somo kunaweza kukuondoa darasani bila kukupa krediti, ukatakiwa kusoma somo jingine kufidia, kwa hiyo uliza chuo chako kinatumia lipi. Urasimishaji wa ujuzi unaofanywa na VETA ni njia ya fundi aliyejifunzia kazini, tuseme mchomeleaji wa Mwanjelwa ambaye hakuingia darasani kabisa: anapimwa kwa kile anachoweza kufanya, anapewa cheti. Na kudahiliwa kwa sababu ya kozi fulani hakumaanishi kwamba kozi hiyo imehesabiwa ndani ya masomo yako.

Marekani kuna baraza liitwalo American Council on Education ambalo hukagua kozi za jeshini, za makampuni na za taasisi nyingine zilizo nje ya vyuo, kisha hupendekeza zina thamani ya krediti ngapi. Hata huko, chuo ndicho chenye neno la mwisho, na vyuo vingi huweka mpaka wa kiasi kinachoweza kuhamishwa, maana chuo hakiwezi kutia muhuri wake kwenye masomo ambayo karibu yote yamefundishwa na wengine.

Nilimshauri arudi kwa waliomfundisha umeme wa jua akaombe barua. Walimwandikia ukurasa mmoja: saa 60, mada zilizofundishwa moja moja, jaribio la vitendo na alama aliyopata. Ameiambatanisha na nakala ya daftari na kuipeleka kwa msajili kabla masomo hayajaanza. Cha usalama kazini amekiacha nyumbani. Mkuu wa idara amemwita Jumatatu, aje na bisibisi yake.