"Chide" si kusuta

Hapa Lamu kitenzi cha Kiingereza "chide" kimevikwa maana isiyo yake. Mwanafunzi akikutana nacho huandika "alimsuta", na wanaofasiri hadithi za watoto nao huandika vivyo hivyo.

Maana yake ni kumwonyesha mtu kuwa hukupendezwa na alilofanya, kwa maneno yasiyomvunja. Kosa lenyewe huwa dogo na limeshatendeka.

Kusuta ni jambo jingine kabisa, na mtu wa pwani hapaswi kulichanganya. Mtu anapozua neno, aliyezuliwa humwendea, mara nyingi na wenzake, hadi mlangoni, pamoja na yule aliyelisikia neno hilo, na kumtaka alirudie mbele yao. Pana ushahidi, pana watu wanaotazama, na pana aibu ambayo mtaa hausahau upesi, uwe Mkomani au Langoni. Usipouthibitisha uwongo wake hujamsuta, hata ukipaza sauti hadi ng'ambo ya mkondo. Atakayeuliza mbona twasema dhamiri yamsuta, ajue kuwa msemo huo unathibitisha jambo hilihili: dhamiri ilikuwapo tendo lilipotendeka, nayo ni shahidi asiyekanika.

Wanaotetea ukali wa "chide" wana hoja moja nzito, nayo ni asili yake. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa "cidan", yaani kugombana na kupigiana kelele. Biblia ya Kiingereza ya 1611 bado inalo kwa maana hiyo: Yakobo anapomkasirikia Labani katika Mwanzo 31:36, kitenzi ni hiki, kwa umbo la wakati uliopita ambalo sasa limekufa, "chode". Waisraeli wenye kiu wanapomkabili Musa katika Kutoka 17:2, ni hiki tena. Lakini hata kwa ukali huo wa zamani, Biblia ya Kiswahili iliyozoeleka ilisema watu waliteta na Musa. Haikusema walimsuta, na ilifanya vyema, maana Musa hakuwa amezua uwongo wowote. Waliteta kwa sababu walitaka maji.

Tangu hapo neno limepoa. Ugomvi umetoka, yamebaki malalamiko ya mtu anayekujali, na Mwingereza wa leo husema hata amejichaidi mwenyewe kwa kusahau miadi.

Kukemea nako kumezidi. Hilo tunaliweka kwa pepo na kwa maovu makubwa. Kukanya kunakaribia, ila mwenye kukanya humzuilia mtu jambo la mbele zaidi kuliko kumlaumu kwa lililopita.

Kwa hivyo, ndugu mfasiri, bibi akimwambia mjukuu kwamba si vizuri kuingia ndani na miguu yenye mchanga, andika "alimgombeza kwa upole", au "alimlaumu kidogo". Mtoto huyo hajamsingizia mtu.