Sensa ya amonia ya kukaa na betri moja mwaka mzima, tunaitengenezaje?

Ingia alfajiri kwenye banda la broila wa wiki tatu, mapazia yameshushwa usiku kucha kwa ajili ya baridi. Dakika ya kwanza macho yanawasha na pua inachoma, ukikaa kaa kidogo unaona mbona kawaida tu. Hewa haijabadilika, ni pua imezoea. Na mfugaji anayelala chumba cha pembeni ndio kabisa, ukimuuliza atakwambia leo hamna harufu mtaalamu, na anasema kweli kwa jinsi anavyosikia yeye. Ndio maana watu wakituuliza maabara mnahangaika nini na sensa za amonia wakati kila mtu ana pua, mimi huwa naanzia hapo. (Sensa ninayosema hapa ni kile kidude kinachohisi gesi na kutoa taarifa kwa umeme, siyo kuhesabu watu.)

Kuku hakojoi kama ng'ombe, uchafu wake wa mkojo unatoka na kinyesi, ile nyeupe nyeupe unayoiona juu, ni asidi ya uriki. Maranda yakilowa bakteria wanaivunja ile asidi na mwisho wake inatoka amonia, kwahiyo drinka moja inayovuja pale kati inaweza kuharibu hewa ya banda zima. Kwa binadamu NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inapendekeza mfanyakazi asizidi ppm 25 (sehemu 25 kwa kila sehemu milioni za hewa) kwa wastani wa zamu yake, na wataalamu wengi wa kuku wanaichukua hiyo hiyo 25 kama mstari wa kutovuka. Ikizidi, vile vinyweleo vidogo vinavyosafisha njia ya hewa ya kuku vinaharibika, macho yanavimba, na magonjwa ya kifua yanapata pa kuingilia.

Sasa ppm 25 ni kiasi gani? Chukua simtanki tupu la lita 1000, amonia yake humo ndani ni mililita 25 tu, yaani vijiko vitano vya chai vya gesi. Na sisi hatutaki kusubiri vijiko vitano, tunataka sensa ione kimoja kinapokuwa viwili, mtu afungue pazia mapema.

Sensa za bei nafuu zipo, wengi mnazijua, zile za MQ za kwenye maduka ya elektroniki. Asili yake ni Japani, Naoyoshi Taguchi aliomba hataza ya aina hiyo mwaka 1962, na ziliokoa watu wengi majumbani kwa kushtua gesi ya kupikia ikivuja. Ndani kuna oksaidi ya bati ambayo lazima ipashwe moto, nyuzi 200 mpaka 400 hivi, na huo moto ndio unakula umeme, kama wati 0.8 muda wote. Betri moja ya lithiamu ya 18650 yenye mAh 2500 ina kama watisaa 9, gawanya mwenyewe, haifiki hata masaa 12. Banda lisilo na umeme wa uhakika utabadilisha betri asubuhi na jioni? Hakuna atakayefanya hivyo, wiki ya pili kifaa kiko kabatini.

Halafu kuna shida nyingine ambayo kwangu ni kubwa kuliko umeme. Oksaidi ya bati haichagui. Wafugaji wengi wanalea vifaranga kwa jiko la mkaa, mkaa unatoa monoksaidi ya kaboni, na sensa hiyo inaihesabu kama amonia, ukipulizia dawa yenye spiriti nayo hivyo hivyo. Kwahiyo ukiona skrini imeandika ppm 18 usiiamini kwa sababu tu ni namba, uliza kwanza kifaa kilipimwa maabara kwa gesi gani na kwa unyevu gani.

Njia moja ya kupunguza umeme ni kufanya hita iwe ndogo sana, imechongwa kwenye kipande cha silikoni chembamba, inatumia miliwati kama 20 na unaiwasha sekunde chache tu halafu unazima. Inafaa, ila uwezo wa kuchagua gesi bado haina. Sisi moyo wetu uko zaidi kwenye polianilini, plastiki inayopitisha umeme. (Plastiki za namna hiyo ndizo zilizowapa Heeger, MacDiarmid na Shirakawa Nobel ya kemia mwaka 2000.) Polianilini haihitaji moto kabisa. Ikiwa na asidi ndani yake ni ya kijani na umeme unapita, amonia ikiingia inanyang'anya protoni, ukinzani unapanda na rangi inaelekea bluu, ukishika utando wake karibu na chupa ya amonia unaona kwa macho yako kijani kinavyogeuka. Kuisoma ni mikrowati chache, ukiongeza mikrokontrola (kompyuta ndogo ya chipu moja) inayolala muda mwingi na redio ya LoRa, ya kutuma taarifa mbali kwa umeme kidogo, inayotuma kila dakika 10, hesabu inaruhusu ile betri moja kuvuka mwaka.

Lakini polianilini nayo inahisi unyevu, na banda la kuku alfajiri ni unyevu mtupu. Kwahiyo pembeni yake lazima ukae na sensa ya unyevu na ya joto, na kila kifaa kipimwe kwenye unyevu tofauti kabla hakijatoka maabara. Hapo ndipo muda wetu mwingi unaishia. Amonia yenyewe ni sumbufu, inanatana na kuta za bomba na chemba, unaweza kudhani sensa inachelewa kuhisi kumbe gesi bado haijaifikia, tulipohamia mabomba ya PTFE (plastiki ya Teflon) ndio tukaanza kuona vipimo vya kueleweka.

Kosa letu la mwanzo bandani lilikuwa kufunga kifaa juu karibu na paa tukiogopa kuku wasikidonoe. Kilionyesha hewa ni nzuri siku zote, huku chini ukichuchumaa machozi yanatoka. Kifaranga pua yake iko sentimita chache tu kutoka kwenye maranda! Sasa kinaning'inia kwa kamba usawa wa kichwa cha kuku, kimezungushiwa kiwavu, kina kichujio cha vumbi, na kamba inapandishwa kuku wanavyokua.

Kilichobaki kinachotuumiza kichwa ni utando kuchoka, baada ya muda unapoteza ukali na kurudi kwenye kijani kunachukua muda mrefu zaidi. Hatutaki mfugaji atupe kifaa kizima kwa sababu hiyo, kwahiyo tunaufanyia kazi uwe kipande kidogo cha kuchomoa na kuchomeka kama laini ya simu, chenye vipimo vyake vimeandikwa humo humo ndani.