Kujiamini ni nini, na kunakisaidiaje kipaji?

Kujiamini ni mtu kuliona jambo lililo mbele yake na kusadiki kwamba analiweza. Jambo lenyewe ni la kutazamwa, maana hakuna anayejiamini kwa kila kitu. Nenda mwalo wa Kibirizi, Kigoma, siku ya Jumamosi dagaa wakiwa wameshaanikwa. Utamkuta binti wa darasa la sita akimsaidia mama yake kuuza. Mteja anabishana bei, anachukua makopo manne na nusu, anatoa noti kubwa. Binti anataja chenji kabla mfuko haujafungwa. Jumatatu mwalimu anamwita ubaoni afanye hesabu ya desimali, na chaki inamganda mkononi. Akili ni ileile. Ila kwenye biashara ameshapatia mara nyingi, na ubaoni ameshachekwa.

Aliyeipa dhana hii umbo la kitaalamu ni Albert Bandura, mwanasaikolojia mzaliwa wa Kanada aliyefundisha Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, katika makala yake ya mwaka 1977. Alitenganisha mambo mawili ambayo sisi huyachanganya kila siku. Kujua kwamba ukisoma utafaulu ni jambo moja. Kuamini kwamba wewe mwenyewe unaweza kukaa, ukasoma na ukaelewa, ni jingine. La kwanza kila mwanafunzi wa Kigoma analijua, ameimbiwa tangu chekechea. La pili ndilo linaloamua kama daftari litafunguliwa. Wala kujiamini si majivuno; mwenye majivuno mara nyingi hukwepa kujaribiwa.

Sasa kipaji kinaingia wapi? Mwaka 1982 mtafiti Janet Collins aliwapima watoto wa viwango tofauti vya uwezo wa hisabati. Katika kila kiwango, hata cha chini, waliojiamini zaidi walipatia maswali mengi zaidi. Njia isiyofaa waliiacha mapema, na maswali waliyokosa waliyarudia kwa wingi zaidi. Hapo ndipo siri ilipo. Kujiamini hakumwongezei mtu kipaji. Kunamfanya achague kazi ngumu kidogo, akose, arudie, na kipaji hukua katika kule kurudia. Asiyejiamini huacha akikosa mara ya kwanza, halafu watu husema hana kipaji.

Je, imani hiyo hutoka wapi? Bandura alitaja vyanzo vinne, na chenye nguvu kuliko vyote ni kufanya jambo lenyewe ukaliweza. Mafundi wa mitumbwi huku wanalijua hilo bila kusoma saikolojia. Kijana anayejifunza kazi hakabidhiwi chombo kizima. Anaanza kwa kuziba nyufa za mtumbwi wa zamani: anasokota pamba iliyolowekwa mafuta, anaishindilia katikati ya mbao kwa patasi na nyundo, kisha chombo kinashushwa majini na kila mtu anaona kama kinavuja. Kikivuja, kinapandishwa na anarudia palepale. Kisipovuja, safari nyingine anapewa ubao wa kupigilia mwenyewe. Fundi mzuri hupima ugumu wa kazi. Akimpa kijana kubwa mno mapema anamvunja moyo, akimwacha kwenye pamba miaka mitatu anamchosha. Ndivyo pia Bandura na wenzake walivyowasaidia watu wenye hofu kali ya nyoka. Waliomtazama tu mwingine akimshika nyoka walipata nafuu, lakini walioongozwa hatua kwa hatua hadi kumshika wenyewe walipata nafuu kubwa zaidi.

Chanzo cha pili ni kumwona mtu kama wewe akiweza. Kigoma inajivunia wachezaji na wasanii wake, na golikipa Juma Kaseja, mzaliwa wa hapa, aliwafanya watoto wengi waone kwamba kutoka mwisho wa reli mpaka Taifa Stars kuna njia. Hata hivyo, kaka wa nyumba ya pili aliyefaulu akaingia ufundi anaweza kuwa na nguvu zaidi, kwa sababu mtoto ameuona udhaifu wake na shida za kwao, na bado amemwona akifika.

Tatu ni maneno ya kutia moyo. Hapa nina neno na wahamasishaji wetu. Kumkemea mtoto "jiamini!" hakumpi chochote cha kuaminia. Kumwambia "hatua ya pili umeipatia, rudia ya tatu" kunampa, maana ni kweli na anaiona kwenye daftari. Nne ni hali ya mwili: moyo ukidunda kabla ya kupanda jukwaani, mmoja anasoma woga, mwingine anasoma kwamba yuko tayari.

Bandura aliona kwamba kujiamini kidogo kupita uwezo ulionao kuna faida, kwa sababu ndiko kunakokusukuma ujaribu. Inategemea lakini ukikosea utalipa nini. Kwenye mtihani wa majaribio utapoteza alama. Kwenye Ziwa Tanganyika, upepo wa kusi ukianza kuvuma kiangazi, wavuvi waliozeeka na kazi hiyo ndio wa kwanza kuvuta mitumbwi mchangani, na hakuna anayewaita waoga.