Alama 145 za GED zinatoka wapi?

Juzi mama mmoja wa Uvira, Kongo, mwanafunzi wangu wa darasa la jioni la GED, ule mtihani wa Marekani wa wasiomaliza sekondari, ukipita unapata diploma, kaingia na simu mkononi hata koti hajavua. "Mwalimu, angalia, 143! Wamenikatalia mbili tu, si unaweza kuwaombea?" Nikamwambia mama, kaa kwanza.

Yalikuwa matokeo ya hesabu, na kupita ni 145 kila somo. Kichwani kwake, na kwa wengi ninaowafundisha hapa Marekani, 143 kati ya 200 ni asilimia sabini na kitu, sasa mtu anafelije na sabini? Shida ni kwamba skeli ya GED haianzii sifuri, inaanzia 100. Yaani ukilala mle ndani bila kugusa hata swali moja unaamka na 100 zako. Kwahiyo 145 siyo asilimia, wala siyo idadi ya maswali uliyopata, ni mahali ulipofika kwenye ngazi waliyoipanga wao.

Na ngazi yenyewe waliipanga kwa kupima watu kabisa, siyo mtu kakaa ofisini kabuni. Mtihani huu wa sasa ulianza 2014. Kabla haujaanza waliwapa watoto waliokuwa wanamaliza sekondari 2013, wa kawaida tu wa darasani wanaosubiri kuvaa joho, wakaufanya, na majibu yao ndo yakatumika kupanga skeli. Kwahiyo mtu mzima anayepita anakuwa amelinganishwa na hao, na usidhani wote wangetoboa, wapo waliomaliza shule vizuri tu ambao huu ungewashinda. Ndo maana mtu akiniambia GED ni mtihani wa kuonewa huruma huwa nacheka, nampa maswali kumi ya hesabu namwacha hapo.

Mwanzoni ulikuwa unapita kwa 150 kila somo. Januari 2016 wakashusha mpaka 145, maana walipofuatilia waliona waliopita wanafanya vizuri vyuoni kuliko wengi waliokuja na diploma ya kawaida, ikaonekana mstari umewekwa juu mno. Majimbo yakaachiwa yaamue kama 145 itawahesabia na waliofanya kabla ya hapo, na mengi yalikubali, kwahiyo kuna mtu alikuwa na 147 yake ya 2014 anajiona kafeli, kaamka asubuhi ana diploma. Nilimsimulia mama hii na nikajuta palepale, maana macho yalimtoka: "Basi washushe tena!"

Majimbo nasema kwa sababu hapo watu wanachanganya sana. Kampuni inatunga na kusimamia mtihani, diploma anatoa jimbo. Mwaka 1942 ulipoanza ulikuwa wa wanajeshi walioacha shule kwa ajili ya vita, raia wa kawaida wakaja kuruhusiwa baadaye, New York ikitangulia mwaka 1947. Siku hizi majimbo mengine yanatumia HiSET, mtihani mwingine wa kazi hiyohiyo, yenyewe ina masomo matano, kila moja linatoka kwenye 20, unatakiwa upate angalau 8 kila somo na jumla 45, na insha isiwe chini ya 2 kati ya 6. Uliza jimbo lako kabla hujanunua kitabu, tafadhali. Na kama una diplôme d'État au cheti chochote cha sekondari ulichokiokoa, kipeleke kikatathminiwe kwanza, huenda huhitaji mtihani kabisa.

GED yenyewe ni masomo manne: hesabu, lugha, sayansi na maarifa ya jamii, na huhitaji kuyafanya siku moja. Yote kwenye kompyuta, kwa Kiingereza au Kihispania, Kiswahili hakipo. Insha ya lugha ina dakika 45 na kwa kiasi kikubwa inasahihishwa na programu ya kompyuta, wengi wakisikia hivyo wanaogopa, mimi naona afadhali, programu haichoki saa kumi jioni. Kinachoua watu wangu hata siyo masomo, ni vitu vidogo. Jina kwenye akaunti lazima lifanane na la kitambulisho, sasa Mkongomani ana majina matatu, kwenye kambi ya wakimbizi waliandika hivi, uwanja wa ndege wakageuza, na tarehe ya kuzaliwa nusu ya darasa ni Januari 1. Nimeshasindikiza kijana akarudishwa mlangoni, kasoma miezi minane, kisa jina la kati limekaa mbele. Siku hizi siku ya kwanza ya darasa tunafungua akaunti na kitambulisho kiko mezani, herufi kwa herufi.

Haya, turudi kwa mama. Ripoti ya matokeo haikuonyeshi swali ulilokosa, inakwambia tu stadi za kurudia, na yake ilijaa mambo ya bei na vipimo. Nikashangaa, huyu kauza vitenge sokoni miaka, hesabu za pesa anapiga kichwani kabla yangu. Nikamwekea swali: friji ni dola 1,250, punguzo asilimia 20, utalipa ngapi? Kaandika 1. Dola moja! Nikamuuliza mama, friji dola moja? Kasema "Na mimi nilishangaa, nikasema labda ndo Amerika."

Shule kasomea Kongo, kwa mtindo wa Kifaransa, koma ndo inatenga desimali. Yeye 1,250 anasoma moja na robo, akikuta 2.500 anasoma elfu mbili na mia tano. Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa, alikuwa anapiga namba nyingine tu. Tumefanya koma na nukta jioni mbili mfululizo, alafu kafanya GED Ready, ile ya majaribio, ikatoka kijani, yaani yuko tayari. Anarudi kwenye hesabu Jumamosi.